Hospitali zetu ziwe za serikali au waachiwe watu binafsi? Jibu kwa msomaji wa Tandika

Swali: "Daktari, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani hapa Tandika. Mume wangu ana kisukari, na mwezi uliopita alilazwa hospitali ya serikali kwa kidonda cha mguu. Kitanda tulipata, daktari tulimpata, lakini dawa karibu zote tuliambiwa tukanunue nje. Mpaka anaruhusiwa tulikuwa tumetumia zaidi ya laki tatu, na sehemu ya hela hiyo nimekopa kwenye kikoba. Sasa nyumbani ni ubishi kila jioni. Kijana wangu anasema serikali imeshindwa, hospitali wapewe watu binafsi maana huko ukiingia unahudumiwa. Baba mkwe, aliyefanya kazi bandarini enzi za Mwalimu, anasema za binafsi zifungwe zote kama zamani na matibabu yawe bure. Nani yuko sahihi?"

Marahaba, mama. Mpe pole nyingi baba watoto. Kidonda cha kisukari si cha kuchezea, na nitarudi kwake nikimaliza la ubishi.

Msimamo wangu nausema mapema. Fedha za matibabu zikusanywe kabla mtu hajaugua, na zishikwe na umma. Zahanati, vituo vya afya, hospitali za wilaya na za mikoa zibaki kuwa za serikali. Hospitali za mashirika ya dini na za watu binafsi ziwepo, zitibu wagonjwa wale wale, kwa mkataba na kwa bei iliyokubaliwa. Kwa hiyo kati ya hao wawili, baba mkwe yuko karibu zaidi na ukweli, ila njia anayoitaka tulishaipita na tunajua ilikotufikisha.

Nianze naye. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, nchi ilielekeza nguvu vijijini: zahanati, vituo vya afya, mafunzo ya waganga wasaidizi na wauguzi, na matibabu bila malipo. Watu waliozaliwa kwenye zahanati zile bado wako hai na wanalijua hilo vizuri. Mwaka 1977 ikatungwa sheria iliyopiga marufuku hospitali za binafsi za kibiashara. Za mashirika ya dini ziliachwa ziendelee, jambo ambalo huenda baba mkwe amelisahau. Hata katika miaka ile ya ujamaa, wagonjwa wengi sana wa nchi hii walikuwa wanatibiwa na masista na wamisionari. Hospitali ya Bugando kule Mwanza ilitwaliwa na serikali mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha mwaka 1985 ikarudishwa mikononi mwa maaskofu.

Kilichofuata mzee anakikumbuka pia, kama atakuwa mkweli kwa nafsi yake. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta iliyopanda, mazao yetu yaliyoshuka bei huko nje, hazina ikakaukiwa fedha za kigeni. Dawa nyingi muhimu zilikuwa zinaagizwa nje, na fedha za kigeni zilipokosekana dirisha la dawa likawa tupu. Matibabu yalibaki kuwa bure kwenye karatasi, lakini mgonjwa alikuwa anatafuta dawa mwenyewe, glovu mwenyewe, wakati mwingine na mtu wa kumjua ndani ili apate kitanda. Mwaka 1991 sheria ilirekebishwa, hospitali za kibiashara zikaruhusiwa tena, na mwaka 1993 ukaanza utaratibu wa kuchangia gharama kwenye hospitali za serikali. Kwa hiyo serikali ilikuwa na majengo yote na bado mgonjwa alilipa, maana mkoba wa nyuma ya majengo yale haukuwa na kitu. Kumiliki hospitali bila fedha ya uhakika ya kuiendesha ni kumiliki kuta.

Sasa kijana wako. Namwelewa. Akiingia hospitali ya binafsi Mikocheni au Upanga anapokewa, anakaa kwenye kiti, anaitwa kwa jina lake. Heshima hiyo mgonjwa wa serikali naye anastahili kuipata, na ni aibu yetu sisi watumishi kwamba mara nyingi haipati. Lakini yeye anaitazama hospitali ile kama mtu aliyeingia na hela. Amuulize mama ntilie wa Mbagala aliyempeleka mtoto mwenye degedege saa nane ya usiku akaambiwa atangulize malipo.

Mwaka 1963 mchumi Mmarekani Kenneth Arrow, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel, alieleza kwa nini soko la matibabu halifanani na masoko mengine, na hoja yake haijapinduliwa mpaka leo. Wewe ni fundi, utaielewa kuliko wengi. Ukienda Kariakoo kununua kitambaa, unakishika, unajua pamba na unajua kisichokuwa pamba, muuzaji akipandisha bei unahamia duka la pili. Mgonjwa hana hata kimoja cha hivyo. Hajui anaumwa nini, na anayemwambia anahitaji nini ndiye huyo huyo anayemuuzia. Akiwa na maumivu hawezi kuhama duka. Na akiuziwa kisicho sahihi, huenda asijue kamwe.

Kwa miaka kadhaa nilikuwa nakaa kwenye vikao vya kukagua fomu za madai ya bima. Kuna rundo la fomu kutoka kituo kimoja cha binafsi hapa Dar ambalo sitalisahau. Mgonjwa mtu mzima, homa na kichwa kuuma: malaria, taifodi na UTI. Fomu inayofuata, mwanamke wa makamo, mgongo na uchovu: malaria, taifodi na UTI. Inayofuata, kijana, tumbo: taifodi na UTI. Karibu kila mmoja amepimwa damu, mkojo na Widal, na karibu kila mmoja ameandikiwa sindano za viuavijasumu za siku tano, zile ambazo mgonjwa anarudi kila siku kuchomwa na kila siku inaandikwa ada ya kuchoma. Widal ni kipimo cha taifodi; kinatafuta kinga iliyotengenezwa na mwili, hakitafuti kijidudu chenyewe. Mtu aliyewahi kuumwa zamani anaweza kuonekana anayo leo na wala haumwi. Kipimo kimoja peke yake hakimtoshi daktari makini. Lakini kinalipwa, na majibu yake yanafungua mlango wa sindano ambazo nazo zinalipwa.

Sisemi madaktari wale ni wezi. Wengine niliwafundisha, na ni watu wazuri. Walikuwa wanafanya kazi mahali ambapo kila kipimo ni mapato na kila mgonjwa anayeambiwa "nenda kapumzike, kunywa maji, itapita" ni hasara. Ukimlipa mtu kwa kila sindano, sindano zitaongezeka, na wakati huo huo dawa zetu za viuavijasumu zinazidi kushindwa nguvu na vijidudu. Hiyo ni gharama ambayo haimo kwenye risiti ya mtu yeyote na tutailipa sote.

Kuna na suala la mahali. Hesabu mwenyewe hospitali kubwa za binafsi za jiji hili: zimejazana Masaki, Msasani, Mikocheni, Upanga na katikati ya mji. Mtaji unakwenda kwenye wateja, ndiyo tabia yake na haina ubaya wowote. Lakini nani atapeleka mtaji wake Liwale au Ngorongoro? Na kuna kazi ambazo hazina mteja kabisa. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg uliingia Bukoba, na Januari 2025 ukatangazwa tena, safari hii Biharamulo. Waliofuatilia kila aliyegusana na mgonjwa, nyumba kwa nyumba, walikuwa watumishi wa umma, na mara zote mbili ugonjwa ulizimwa. Hakuna mtu angelipia huduma ile dirishani. Chanjo za watoto ni hivyo hivyo, na kipindupindu kikiingia Dar masika ni hivyo hivyo.

Kijana akitaka kuona biashara ya tiba ilivyo kwenye nchi tajiri, aitazame Marekani. Wanatumia kama asilimia 17 ya pato lao la taifa kwenye afya, hakuna taifa kubwa linalowakaribia, na bado maisha yao ni mafupi kuliko ya Wajapani, Wajerumani na Waingereza. Na hata wao, tangu sheria ya 1965, wazee wanalipiwa na serikali, kwa sababu kampuni nyingi za bima hazikutaka kumbeba mzee mgonjwa kwa bei anayoiweza.

Hapo sasa nataka niseme jambo ambalo linaniuma kuliko yote, na linawahusu baba mkwe na kijana kwa pamoja. Mara ngapi umeingizwa kwenye kundi la WhatsApp la michango ya kuukomboa mwili? Marehemu amefia wodini, bili haijalipwa, mwili uko mochwari, ndugu wamekaa nje kwenye zege wanapiga simu kwa kila mtu. Mawaziri wamekemea jambo hili zaidi ya mara moja, na bado linajirudia, na linatokea kwenye hospitali za umma pia. Hospitali ni ya serikali, daktari ni wa serikali, na mfiwa anadaiwa kama mdaiwa wa duka. Kwa sababu gani? Kwa sababu hospitali ile inategemea fedha za dirishani kulipia umeme, kununua dawa na kulipa vibarua. Mganga mfawidhi akisamehe sana, mwezi ujao dirisha la dawa ni tupu, na anayeumia ni mgonjwa wa mwezi ujao. Hospitali ya umma inayoishi kwa hela ya mgonjwa inajifunza tabia za duka, upende usipende.

Na ndiyo sababu mumeo aliandikiwa dawa akaambiwa kanunue nje. Hospitali inaagiza kutoka Bohari ya Dawa, ghala la dawa la serikali, kwa fedha ilizo nazo. Fedha zikiwa pungufu, au bohari ikiwa haina dawa hiyo, rafu inabaki wazi, na maduka ya dawa yaliyojipanga ng'ambo ya barabara yanafanya biashara. Mara nyingine, na hili lisemwe, dawa ilikuwepo ikatoka kwa njia isiyo halali. Mara nyingine daktari bingwa aliyetakiwa wodini saa tisa alasiri yuko kwenye hospitali ya binafsi upande wa pili wa mji, anapiga deiwaka. Mtu mmoja anahudumia pande mbili, upande mmoja unamlipa mshahara, wa pili unamlipa kwa kichwa cha mgonjwa. Ni wazi moyo wake utaelekea wapi. Utaratibu wa kliniki za kulipia ndani ya hospitali zetu kubwa ulianzishwa kwa sehemu ili kumbakiza huyo daktari. Mimi sijawahi kuupenda, maana unatengeneza foleni mbili kwenye jengo moja, ila naelewa kwa nini upo.

Kwa hiyo twende kwenye mkoba. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza Igunga mwaka 1996, na Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ukaanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa umma: asilimia 6 ya mshahara, nusu mwajiri, nusu mfanyakazi. Mfuko wa mtumishi ulikaa imara kwa muda mrefu kwa sababu haukuwa wa hiari. Mzima anachanga, mgonjwa anatibiwa, na kesho wanabadilishana zamu. Ule wa jamii ulikuwa wa hiari, na hata mchango ulipokuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi 6 kwenye mikoa mingi, bado wengi hawakujiunga, na waliojiunga ni wale ambao tayari walikuwa na mgonjwa ndani. Toto Afya Kadi, bima ya watoto, ilikufa maji hivyo hivyo: shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, wazazi wakawa wanamkatia mtoto siku anapougua, na mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa. Mama wa mtoto mwenye tundu kwenye moyo alilia siku ile, na alikuwa na haki ya kulia. Lakini bima ya hiari inayojaza wagonjwa peke yao haiwezi kusimama, iwe ya serikali au ya kampuni.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Ndani yake kila mkazi anatakiwa awe na bima, na asiye na uwezo agharimiwe, huku vyanzo kama kodi za vinywaji na vileo vikitajwa. Naiunga mkono kwa moyo wote, na wasiwasi wangu uko sehemu moja tu: wewe. Mtumishi anakatwa kwenye mshahara, kaya masikini kabisa italipiwa, lakini fundi cherehani, bodaboda na mama ntilie wako katikati, si masikini wa kwenye orodha na si waajiriwa wa kukatwa. Hao ndio wengi wa jiji hili. Wasipoingia kwa wingi, mfuko utakuwa Toto Afya Kadi ya nchi nzima. Maoni yangu ni kwamba sehemu kubwa ya mchango wa kundi hili ilipwe na kodi, kisha wao wachangie kidogo kidogo kwa simu, hata kwa wiki, kama unavyoweka hisa kwenye kikoba.

Mkoba ukishakuwa mmoja na mkubwa, ubishi wa jengo ni la nani unapungua makali. Thailand ilianza mwaka 2001 na 2002 kumtibu kila mwananchi asiye na bima nyingine kwa malipo ya baht 30 tu, fedha ya kwao, kwa ziara, hospitali zikilipwa na serikali kwa idadi ya watu waliosajiliwa kwao, na mtoa huduma akawa hana sababu ya kuongeza vipimo. Uingereza, ambayo watu wetu wanaitaja kama mfano wa tiba ya serikali tupu tangu 1948, madaktari wake wa mitaani wengi wao ni wabia wenye ofisi zao, wanaofanya kazi kwa mkataba wa serikali. Mgonjwa hatoi hata senti kumwona daktari, na hajali ofisi ni ya nani. Hapa kwetu, KCMC ya Moshi na Bugando ni mali ya makanisa, serikali inalipa mishahara ya watumishi wengi, na ni hospitali za rufaa za kanda. Hatuhitaji kubuni kitu kigeni.

Lakini mkataba una ugumu wake, na Machi 2024 tuliuona. Mfuko wa bima ulileta kitita kipya cha bei, hospitali kadhaa kubwa za binafsi zikasema bei zile hazilipi gharama, zikaacha kwa siku kadhaa kupokea wagonjwa wa kadi. Watu wakafika mapokezi na kadi zao wakarudishwa. Wapo waliosema serikali iliwaonea wenye hospitali, wapo waliosema wenye hospitali walimteka mgonjwa. Naona hivi: mshika mkoba ana haki ya kupanga bei, tena lazima apange, la sivyo yale mafomu ya sindano yataumaliza mfuko. Ila bei itoke kwenye hesabu ya gharama iliyofanywa wazi, na malipo yafike kwa wakati. Kenya walibadilisha mfuko wao Oktoba 2024, na malalamiko makubwa ya hospitali yakawa ni madai kuchelewa kulipwa. Hospitali isipolipwa inamgeukia mgonjwa. Na kama serikali haina zahanati na hospitali zake zenye nguvu, siku wenye hospitali wakifunga milango haina pa kukupeleka. Machi ile, walioingia hospitali za serikali za Amana, Temeke na Mwananyamala na kadi zao walitibiwa. Hilo peke yake linanitosha kumjibu kijana wako kwa nini tusiuze.

Sasa ya nyumbani kwako, ambayo huwezi kuyangoja mpaka nchi imalize kubishana. Mtakaporudi kliniki, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitalini. Kuna utaratibu wa msamaha kwa asiye na uwezo, na kama mumeo ametimiza miaka 60 na hana uwezo, sera inampa matibabu bila malipo. Wajawazito, watoto chini ya miaka 5, na wenye kifua kikuu au VVU nao wana haki yao. Msione aibu kuuliza, na nendeni na barua ya mtendaji wa mtaa. Daktari akiandika dawa ya kununua nje, mwombe aandike jina la dawa yenyewe badala ya jina la kampuni. Vidonge vya kisukari vya metformin, kwa mfano, vinatofautiana bei sana kati ya kampuni na kampuni, na dawa ni ile ile. Bima mkateni sasa akiwa nyumbani.

Na mguu wake muutazame kila jioni, chini ya unyayo na katikati ya vidole, kwa sababu mwenye kisukari anaweza kukanyaga msumari asihisi. Asitembee peku hata ndani, asikande kwa maji ya moto, asikwangue sugu kwa wembe. Ngozi ikiwa nyeusi au kidonda kikitoa harufu, mumpeleke siku hiyo hiyo; msisubiri tarehe ya kliniki.